Likizo ya Grenada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Grenada iko mwisho wa kusini wa safu ya visiwa vya Karibi Mashariki, kilomita 160 hivi kaskazini ya Venezuela. Nchi nzima, pamoja na visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, ina kilomita za mraba 344. Unguja peke yake ni zaidi ya mara nne ya hapo. Wageni wengi hujifungia kwenye ufukwe mmoja wa kusini-magharibi, kisha hurudi kwao bila kuona kinachoitofautisha Grenada na jirani zake: mashamba ya kungumanga na kakao yanayofanya kazi kweli, msitu wa mlimani, na ghuba za bahari zilizolindwa. Majibu haya yanamlenga msafiri anayetoka Afrika Mashariki, na pia Mswahili anayeishi Ulaya au Marekani ya Kaskazini.

Je, ninahitaji viza ya kuingia Grenada?

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, zikiwamo Kenya na Tanzania, huingia kwa utalii bila viza. Thibitisha na ubalozi au shirika la ndege kabla ya kulipa tiketi, kwa kuwa orodha hizi hubadilishwa. Mwenye pasipoti ya nchi isiyo ya Jumuiya ya Madola, kama Burundi au Kongo, aulize mapema zaidi. Ofisa wa uhamiaji atataka kuona tiketi ya kurudi, anwani ya mahali utakapolala na ushahidi wa fedha za kutosha. Viweke vyote kwenye karatasi, maana simu inaweza kuzima chaji ukiwa kwenye foleni.

Kama viza si tatizo, kwa nini watu hukwama njiani?

Kwa sababu hakuna ndege ya moja kwa moja, na nchi unazopitia zina masharti yao. Hili ndilo jambo la kulitazama kwanza, hata kabla ya bei.

Ukipitia Marekani, hakuna kukaa upande wa kimataifa wa uwanja na kusubiri ndege inayofuata. Kila abiria hupita uhamiaji, hivyo Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya Marekani hata kama atakaa Miami saa mbili tu. Kanada nayo hudai viza ya kupita.

Ukipitia London, raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huhitaji viza ya kupita uwanjani, isipokuwa wachache wenye misamaha, kwa mfano wenye viza hai ya Marekani au Kanada. Mtego uliopo ni huu: ndege nyingi kutoka Nairobi hutua Heathrow, ilhali ndege nyingi za kwenda Karibi huondokea Gatwick. Kuhama uwanja ni kuingia Uingereza, kwa hiyo viza ya uwanjani haitoshi tena. Kabla ya kununua, soma jina la uwanja kwenye kila kipande cha safari.

Amsterdam ni nafuu zaidi kwa Wakenya na Watanzania, kwa kuwa hawadaiwi viza ya kupita mradi wasitoke eneo la kimataifa. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanadaiwa. Kutoka hapo, katika misimu yenye safari, unaweza kuruka hadi Barbados, kisha ndege ndogo hadi Grenada. Nunua safari yote kwa tiketi moja. Tiketi mbili tofauti maana yake ni kuchukua mzigo na kupita uhamiaji katikati ya njia, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwajibiki kwako.

Nibebe kadi ya homa ya manjano?

Beba. Anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo anaweza kudaiwa, na Kenya na Uganda ni miongoni mwazo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016, cheti kinatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10.

Grenada haina malaria, ila ina dengi, inayoenezwa na mbu wa mchana, basi paka dawa ya mbu asubuhi pia. Jambo moja zito kwa msafiri kutoka kwetu: ukipata homa katika wiki za mwanzo, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka ukanda wa malaria na uombe upimwe. Daktari wa huko huiona malaria kwa nadra, anaweza kudhani ni dengi, na saa zikapotea.

Ni miezi gani mizuri kwenda?

Kiangazi ni Januari hadi Mei, mvua ni Juni hadi Desemba, na joto hucheza kati ya nyuzi 24 na 30 mwaka mzima. Msimu rasmi wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Grenada iko kusini kiasi kwamba vimbunga vingi huipita kaskazini, lakini haina kinga. Ivan iliivunja Septemba 7, 2004, na Beryl ikaikumba Carriacou Julai 1, 2024. Ukienda Agosti hadi Oktoba, nunua bima inayotaja vimbunga, na uinunue kabla kimbunga hakijapewa jina. Kikishapewa jina, bima mpya haikihesabu.

Kwa anayetaka bahari angavu na njia kavu za mlimani, Februari hadi Aprili ndiyo miezi bora. Maporomoko, hata hivyo, hupendeza zaidi kuanzia Julai.

Nikae siku ngapi, na wapi?

Siku saba zinatosha kisiwa kikubwa; ongeza tatu kwa Carriacou. Vyumba vingi viko kusini-magharibi, kati ya Grand Anse na uwanja wa ndege wa Maurice Bishop, na kwa mgeni wa mara ya kwanza hapo ni mahali pazuri kwa kuwa mabasi na maduka yako karibu. Kisiwa kina urefu wa kilomita 34 tu, lakini usipige hesabu ya barabara kwa kilomita. Njia zinapinda na kupanda, na kwenda kaskazini hadi Sauteurs huchukua saa moja na nusu au zaidi. Panga siku kwa upande: siku moja pwani ya magharibi, siku moja kaskazini na mashariki, siku moja katikati ya milima. Anayejaribu kuunganisha Gouyave, Grand Etang na Levera kwa siku moja huishia kuona madirisha ya gari.

Ufukwe upi ni bora wa kuogelea?

Grand Anse, mchanga mweupe wa kilomita tatu hivi, ndio maarufu na unastahili sifa zake. Morne Rouge, ghuba inayofuata, ina maji tulivu na kina kifupi, hivyo inafaa watoto na wasiojua kuogelea vizuri. Magazine iko karibu na uwanja wa ndege na ina miamba yenye samaki. Fukwe zote ni za umma kisheria. Hoteli inaweza kukukatalia kiti, haiwezi kukukatalia mchanga.

Pwani ya mashariki ni Atlantiki, na huko mawimbi na mkondo huvuta. Bathway, kaskazini, ina mwamba mrefu unaoufanya upande wa ndani kuwa bwawa salama. Ogelea ndani ya mwamba, usivuke nje. Katika baadhi ya miezi mwani wa kahawia hutupwa kwa wingi pwani hiyo ya mashariki na kutoa harufu ya mayai yaliyooza. Ukiukuta, hamia magharibi.

Kuna mti wa kuujua kwa jina: manchineel. Huota ufukweni na huzaa matunda madogo ya kijani yanayofanana na tufaha. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi na macho, na tunda huunguza mdomo na koo. Mingi hupigwa rangi nyekundu shinani au kuwekewa kibao, lakini si yote. Usijikinge mvua chini ya mti usioufahamu, maana maji yanayodondoka kwenye majani yake hutosha kuunguza.

Hifadhi ya sanamu chini ya bahari ikoje, na lazima nijue kupiga mbizi?

Si lazima. Iko katika ghuba ya Molinière, mwendo mfupi wa boti kaskazini ya mji mkuu wa St. George's. Msanii Mwingereza Jason deCaires Taylor aliianzisha 2006, wakati ghuba hiyo ilikuwa imeumizwa na dhoruba, ili viumbe wa baharini wapate mahali papya pa kushika na wageni wapungue kwenye matumbawe ya asili. Sanamu za saruji zimesimama kwenye mchanga, nyingi kwenye kina cha mita tano hadi nane. Inayojulikana zaidi ni duara la watoto 26 walioshikana mikono wakitazama nje. Sponji na matumbawe yameota nyusoni mwao kiasi kwamba kila mmoja amekuwa na sura yake.

Miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia vinatosha kuona karibu zote, mradi maji yawe angavu, na uangavu huo unategemea mvua. Mto humwaga matope karibu na ghuba, na baada ya mvua kubwa unaweza kukosa kuona mikono yako. Subiri siku moja au mbili za jua. Chagua boti ya saa 2 au saa 3 asubuhi, kabla upepo haujapanda na kabla ya boti za meli za kitalii. Siku yenye meli kubwa bandarini, ghuba hujaa.

Makosa yanayorudiwa ni machache. Watu hupanda mgongoni mwa sanamu kupiga picha na kuvunja matumbawe ya miaka. Wengine hupaka mafuta ya kukinga jua dakika moja kabla ya kuruka, na mafuta yote huishia majini. Vaa fulana ya mikono mirefu badala yake. Na miwani ikiingiza ukungu, tatizo mara nyingi si miwani, ni uso wenye joto. Loweka uso baharini kwanza, suuza kioo kwa mate, kisha vaa. Asiye na uhakika wa kuogelea aombe jaketi la kujiokolea; boti zinazoendeshwa vizuri huwa nalo.

Na wapiga mbizi wa mtungi?

Meli ya Kiitaliano Bianca C ilishika moto bandarini Oktoba 22, 1961, ikazama siku mbili baadaye. Watu wa St. George's waliwapokea abiria majumbani mwao, na sanamu ya Kristo iliyo kando ya bandari ni shukrani ya kampuni ya meli hiyo. Meli inalala kwenye kina kinachofika mita 50, yenye mkondo, na ni ya wapiga mbizi wazoefu tu. Acha saa 18 hadi 24 kati ya mbizi ya mwisho na ndege.

Nimeshatembelea mashamba ya viungo Zanzibar. Grenada itanipa nini kipya?

Itakupa kazi inayofuata baada ya kuvuna, jambo ambalo matembezi mengi ya Zanzibar hayafiki. Zanzibar mgeni huonyeshwa majani na kunusishwa magome. Grenada unaingia kwenye stesheni ya kuchakata kungumanga ya Gouyave, jengo la mbao la ghorofa lenye harufu inayobaki kwenye nguo hadi jioni.

Mkungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, na ulipelekwa Grenada katika miaka ya 1840. Tunda likipasuka mtini linaonyesha wavu mwekundu unaofunika mbegu. Wavu huo ndio basibasi, na ndani ya ganda jeusi ndimo ilimo kungumanga yenyewe. Wakulima huleta vyote viwili vimetenganishwa. Kungumanga hukaushwa kwenye matrei ndani ya ganda lake wiki sita hadi nane kivulini, na hupinduliwa mara kwa mara. Zikikaushwa juani, mafuta hutoka na ladha huondoka nayo. Kisha hupasuliwa ganda na kutumbukizwa majini: inayozama ina mafuta na uzito, hiyo ni daraja la kwanza, inayoelea ni nyepesi, huuzwa kwa matumizi mengine. Magunia hupigwa chapa kwa mkono. Basibasi huhifadhiwa kwenye masanduku ya giza kwa miezi hadi rangi nyekundu igeuke ya machungwa iliyofifia.

Matembezi huchukua nusu saa na ada ni ndogo. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Mwishoni mwa wiki utaonyeshwa mashine zilizosimama, na hiyo ni hasara. Uliza pia kuhusu Ivan: kimbunga kile kiling'oa sehemu kubwa mno ya mikungumanga ya nchi, na mti mpya huhitaji miaka mitano hadi saba kabla ya kuzaa. Ndiyo maana wakulima wengi waligeukia kakao.

Gouyave hiyohiyo ndiyo kwao Kirani James, aliyeshinda mita 400 Olimpiki ya London 2012 na kuipa nchi medali yake ya kwanza. Mashabiki wa mkuki wanaomfuata Julius Yego wanamjua Mgrenada mwingine, Anderson Peters, bingwa wa dunia 2019 na 2022. Taja riadha kwenye basi na mazungumzo hayataisha.

Kakao nayo?

Shamba la Belmont, kaskazini-mashariki, ndilo la kwenda ukiwa na nafasi ya moja tu. Punje mbichi, zenye nyama nyeupe tamu, hurundikwa kwenye masanduku ya mbao na kufunikwa majani ya migomba ili zichachuke kwa siku sita hadi nane. Hapo ndipo ladha ya chokoleti huzaliwa. Punje isiyochachuka hubaki chungu na kali hata ukiongeza sukari vipi. Kisha hutandazwa juani kwenye matrei makubwa yaliyowekwa kwenye reli. Wafanyakazi hutembea ndani yake wakiburuta miguu ili kuzigeuza, na mgeni huruhusiwa kujaribu. Wingu likitanda, matrei husukumwa chini ya jengo kwa dakika chache.

Onja chokoleti ya asilimia 71 kabla ya ile ya 100, la sivyo ulimi utachoka mapema. Asubuhi, agiza chai ya kakao: kakao iliyosagwa na kufinyangwa, ikachemshwa na mdalasini, jani la bay na kungumanga. Mafuta yanayoelea juu ni ya kakao yenyewe, usiyaondoe.

Kiwanda cha ramu cha River Antoine kinastahili safari?

Kwa anayependa mitambo ya kale, ndiyo, hata kama hanywi. Kiwanda kilianza 1785, gurudumu lake la maji bado linasaga miwa, na juisi huchemshwa kwenye masufuria makubwa kwa moto wa mabaki ya miwa. Ramu yao kali ina asilimia 75 za kileo na hairuhusiwi ndani ya ndege, ambako kikomo ni 70. Ndiyo sababu huuza nyingine ya 69 kwa wasafiri. Soma lebo kabla ya kulipa.

Maporomoko na milima: nianzie wapi?

Annandale yako hatua chache kutoka barabarani, yanafaa wazee na watoto, na hujaa siku za meli. Concord ni ngazi tatu za maporomoko; la kwanza hufikika kwa gari, la pili ni mwendo wa dakika 45 hivi kandokando ya mto. Seven Sisters ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye miguu yenye nguvu: dakika 45 za kushuka katikati ya mashamba ya ndizi na kungumanga, udongo wa mfinyanzi unaoteleza, kisha mabwawa mawili ya maji baridi. Chukua fimbo mlangoni. Viatu vya mpira vyenye meno hufaa kuliko viatu vizito vya ngozi, kwa kuwa utavuka maji.

Usiruke kutoka juu bila mwongozaji anayejua kina cha siku hiyo, maana mafuriko huhamisha mawe. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya kahawia, toka mtoni papo hapo; mvua imenyesha juu ambako wewe huioni.

Ziwa la Grand Etang liko kwenye kreta ya volkano, mita 530 juu ya bahari. Kima aina ya mona wanaoonekana hapo wana asili ya Afrika Magharibi, waliletwa na meli za biashara ya watumwa. Usiwalishe, wanapora mifuko. Njia ya mlima Qua Qua inaanzia hapo na huchukua saa tatu kwenda na kurudi juu ya ukingo mwembamba wenye upepo. Mlima ukiwa umefunikwa na wingu saa 3 asubuhi, iahirishe. Hutaona kitu na utateleza.

Nile nini, na kwa asiyekula nguruwe?

Chakula cha taifa ni oil down, na mla shelisheli wa pwani yetu atajisikia nyumbani. Chini ya sufuria hupangwa nyama ya chumvi iliyolowekwa usiku kucha, halafu vipande vya shelisheli, ndizi mbichi, madonge ya unga, na juu kabisa majani ya magimbi. Tui zito la nazi lenye manjano humiminwa, sufuria hufunikwa, na moto hubaki mdogo hadi tui lote liingie ndani na mafuta ya nazi yabaki chini. Haikorogwi, kwa sababu shelisheli itavunjika na kuwa uji.

Tahadhari kwa Waislamu: nyama hiyo ya chumvi mara nyingi ni mkia wa nguruwe, na hupikwa sufuria moja na kila kitu, kwa hiyo kuiondoa sahanini hakusaidii. Omba ya samaki wa chumvi, au tafuta wapishi wa Kirasta, ambao hupika bila nyama kabisa. Roti iliyofungwa mchuzi, urithi wa vibarua wa Kihindi walioanza kufika 1857, hupatikana kila mahali. Chagua ya samaki au ya mboga.

Ijumaa jioni, mitaa ya Gouyave hugeuka soko la samaki wa kuchoma na kukaanga. Fika kabla ya saa 2 usiku, na panga gari la kurudi mapema. Kambakochi hufungiwa kuvuliwa kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti. Ukiuziwa aliyevuliwa karibuni katika miezi hiyo, kataa.

Karnivali huwa lini, na jab jab ni nini?

Spicemas hufikia kilele Jumatatu na Jumanne ya pili ya Agosti. Alfajiri ya Jumatatu ni jab jab: watu hujipaka mafuta meusi mwili mzima, huvaa kofia zenye pembe na kuburuta minyororo. Asili yake ni kejeli ya waliokuwa watumwa dhidi ya mabwana waliowaita mashetani. Ni sherehe ya uhuru, na huchukuliwa kwa moyo wote.

Ukishiriki, jipake mafuta ya kulainisha ngozi kabla ili uchafu utoke kirahisi, vaa nguo za kutupa, funika nywele, na weka simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Ukisimama pembeni ukiwa umevaa nyeupe, utapakwa vilevile. Teksi nyingi hazitakupokea baadaye, basi panga kurudi kwa miguu. Vyumba huisha miezi kabla.

Carriacou imepona baada ya Beryl?

Kimbunga kiliharibu karibu kila paa, na ujenzi huchukua miaka. Wageni wanahitajika na wanapokelewa, ila thibitisha kwa simu kwamba nyumba unayoilipia ina umeme na maji. Kisiwa hakina mito. Maji ni ya mvua inayohifadhiwa kwenye matangi, kwa hiyo oga kwa kiasi.

Feri huondoka bandari ya Carenage, St. George's, na huchukua saa mbili hivi. Kaskazini ya kisiwa kikubwa bahari huchafuka, karibu na Kick 'em Jenny, volkano iliyo chini ya maji. Kaa nyuma na chini, tazama upeo wa macho, na kunywa dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kuondoka, kwa sababu ukiwa baharini umechelewa. Ukifika, nenda Windward, ambako mashua za mbao zilijengwa kwa mkono vizazi na vizazi, na Sandy Island kwa kuogelea. Ukibahatika kukuta ngoma ya Big Drum, sikiliza majina ya mataifa yanayoitwa ndani yake: Cromanti, Igbo, Manding, Kongo. Ni kumbukumbu ya watu waliopakiwa melini, iliyotunzwa kwa mdundo. Usipige picha kabla ya kuomba.

Kwa mpenda historia?

Fort George, juu ya bandari, ndipo Waziri Mkuu Maurice Bishop na wenzake waliuawa Oktoba 19, 1983, siku sita kabla ya majeshi ya Marekani kuvamia. Uliza kwanza kama ngome iko wazi. Sauteurs kuna mwamba ambao Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, walijirusha baharini 1651 wakikataa kukamatwa na Wafaransa. Pearls, uwanja wa zamani wa ndege, bado una mabaki ya ndege za Kisovieti nyasini.

Nitumie basi au nikodi gari?

Anayejua daladala au matatu hatahitaji somo. Ni basi dogo lenye kondakta, muziki na viti vya kubanana. Namba 1 huenda Grand Anse, 5 hufuata pwani ya magharibi kuelekea Gouyave, 6 huvuka milima kwenda Grenville. Ukitaka kushuka, gonga bodi au dari. Usiku mabasi hupungua, na Jumapili karibu hayapo.

Gari huendeshwa kushoto, kama kwetu, na kampuni ya kukodi hukukatia kibali cha muda. Hatari kubwa ni mitaro mirefu isiyofunikwa kando ya barabara nyembamba: ukipisha lori, tazama tairi la kushoto. Piga honi fupi kabla ya kila kona isiyoonekana.

Fedha, umeme na saa?

Dola ya Karibi Mashariki imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu 1976. Shilingi haibadilishwi huko. Beba dola ndogondogo. Bei ikitajwa, uliza ni dola ipi. Hoteli na mikahawa huongeza kodi na asilimia 10 ya huduma, hivyo bakshishi si lazima tena. Umeme ni volti 230, na soketi ni za matundu matatu ya bapa kama za Kenya na Tanzania. Anayetoka Marekani ndiye atakayehitaji adapta. Grenada iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba: kwao saa 6 mchana, nyumbani ni saa 1 jioni.

Kuna mwiko gani wa kujua?

Nguo za madoadoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata kofia, hata kaptula ya mtoto. Ziache nyumbani. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, si za mjini. Na salamu hutangulia kila kitu: ukiingia dukani au kwenye basi bila kusalimia, huduma hupoa.

Naweza kuona kasa wakitaga?

Ndiyo, Levera, kati ya Aprili na Julai, kwa kibali na mwongozaji tu, maana ufukwe hufungwa usiku. Ni kasa wakubwa wenye mgongo wa ngozi. Taa nyeupe na mwanga wa kamera humfanya arudi baharini bila kutaga; huruhusiwa taa nyekundu ya mwongozaji pekee. Vaa nguo nyeusi, beba maji, na jiandae kusubiri hadi saa 6 usiku.

Nirudi na nini?

Kungumanga nzima ndani ya ganda, si ya unga, kwa sababu iliyosagwa hupoteza harufu kwa miezi michache. Tikisa moja moja sokoni: kavu hulia ndani. Nunua basibasi, jemu na sharubati ya nyama ya kungumanga, na chokoleti, ambayo uiweke katikati ya nguo kwenye begi la mkononi, mbali na joto la sehemu ya mizigo uwanjani. Punje mbichi za kakao, miche na matunda usibebe. Ofisi za afya ya mimea zitavichukua. Viungo vikavu viwe vimefungwa na kuwekewa lebo, na uvitaje kwenye fomu ya forodha.